Utafiti wa mwaka wa nne usiishie stoo

Mbukwenyi, wadogo zangu mnaosoma sheria Dodoma.

Wiki iliyopita nilikaa saa tatu maktabani huku Marekani nikitafuta ukurasa mmoja tu. Katika makala aliyoliletea jarida letu la sheria, profesa mmoja aliandika kwamba hukumu fulani ya zamani imesema hivi na hivi, na mimi nikapewa kazi ya kuhakikisha. Nilipoipata, haikusema hivyo. Nikamweleza mhariri wangu, mwanafunzi kama mimi, naye akamwandikia profesa. Profesa akaibadilisha sentensi yake.

Majarida mengi ya sheria huku yanaendeshwa hivyo. Harvard Law Review lilianza 1887, na mpaka leo wanafunzi ndio wanaochagua makala, kuzihariri na kukagua tanbihi, yale maelezo ya chini ya ukurasa yanayotaja chanzo, moja baada ya nyingine. Kasoro zipo: mtu aliyesoma sheria mwaka mmoja anampima msomi wa miaka 20, na wengine wanaingia kutafuta ajira tu. Lakini anayekagua tanbihi mia mbili hatasoma tena hukumu kwa kupapasa.

Mimi nyumbani niliandika utafiti kuhusu malisho ya pamoja ya kijiji, huko Bahi. Nilikaa na wazee wakanionyesha mpaka ulipokuwa na ulipo sasa, nikalinganisha na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Nikaprinti, nikaenda steshenari kubaindi kwa jalada gumu, nikakabidhi, nikapewa alama. Basi. Miaka miwili baadaye nilipofuata cheti, niliikuta kazi yangu na za wenzangu zimerundikwa kwenye sakafu ya stoo, juu yake ndoo ya kudekia. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu maneno ya wale wazee yalikuwa humo.

Majarida tunayo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachapisha Eastern Africa Law Review tangu 1968. Ninalotaka mimi ni jarida ambalo mwanafunzi ndiye mhariri, tena la Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge, hapo hapo mlipo, lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Makao makuu ya Mahakama nayo yako Dodoma. Sasa hiyo lugha ya hoja za kisheria itakomaa vipi kama sisi wenyewe utafiti wote tunauandika kwa Kiingereza?

Msisubiri bajeti. Watu watano wanatosha. Mmoja achukue hukumu moja ya mgogoro wa ardhi kutoka TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ambako hazilipiwi, aichambue kurasa sita kwa Kiswahili ambacho mzee wa Bahi akisomewa ataelewa. Wanne waliobaki wamhoji kila sentensi: umeitoa wapi, ukurasa gani? Mhadhiri awe mshauri, kalamu ibaki kwenu.

Toleo la kwanza nitumieni. Tanbihi nitazikagua mimi. Kwenu mkiwa mmelala, huku bado ni mchana.