Farasi walipata birika, wengine je?

Mnara wa Farasi ulioko Gqeberha, mji wa Afrika Kusini ambao hadi 2021 uliitwa Port Elizabeth, ulizinduliwa mwaka 1905 kwa fedha za michango. Juu kuna sanamu ya shaba: askari kapiga magoti, kashika ndoo, farasi anainama kunywa. Chini lilijengwa birika la mawe ili farasi wa mjini nao wapate maji. Wanaokumbukwa ni wanyama waliokufa katika Vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, kati ya Waingereza na Makaburu, walowezi wenye asili ya Kiholanzi. Kwa upande wa Waingereza hutajwa farasi wapatao 300,000, wengi wakiwa wameletwa kwa meli kutoka mbali kama Argentina na Australia, wakashushwa wamechoka na kukimbizwa vitani kabla hawajazoea hata majani ya huko.

Aprili 2015, katika wimbi la kupinga sanamu za kikoloni lililoing'oa ile ya Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza, Chuo Kikuu cha Cape Town, askari huyu naye aliangushwa.

Wanaoutetea mnara hawabwabwaji. Farasi hakuwa mkoloni. Tena ni nadra kumkuta askari wa dola ya Kiingereza akichongwa magotini; wengi wamepewa upanga. Na mnara unaomnywesha kiumbe aliye hai mimi nauheshimu kuliko jenerali aliyesimamishwa juu ya nguzo.

Kinachokera ni maandishi. Yanasema ukubwa wa taifa hauko katika wingi wa watu wake wala upana wa ardhi yake, bali katika upana na haki ya huruma yake. Huruma kwa nani? Katika vita hivyohivyo Waingereza waliwarundika Waafrika kwenye kambi za kuwazuilia, mbali na zile za Makaburu, na rekodi zilizopo zinaonyesha vifo visivyopungua 14,000, wengi wao watoto. Wanawake na watoto wa Makaburu waliofia kambini walijengewa mnara Bloemfontein mwaka 1913. Farasi walishapata wao miaka minane kabla. Waafrika wale walizikwa, basi. Kitukuu wao akisimama pale akasoma habari za huruma, utamwambia atulie?

Hata hivyo, wa kuhojiwa ni walioandika, si askari mwenye ndoo. Mimi ningemwacha na farasi wake, maneno nayo yasiguswe, na ubavuni pa birika ichongwe idadi ya waliofia kambini kwa herufi za ukubwa uleule.