Siri za Mungu: Nani Kafunuliwa, na Nani Apime?

Tangu 2023, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa, katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, Kenya, swali moja haliishi katika ibada na vikundi vya maombi vya hapa: je, Mungu angali anawafunulia watu siri zake, au yote alikwisha kuyasema katika Maandiko? Kila upande una aya zake, tena nzito.

Wanaosema ufunuo umetimia huanzia Kumbukumbu la Torati 29:29: mambo ya siri ni ya Bwana, yaliyofunuliwa ni yetu sisi na watoto wetu. Kisha Waebrania 1:1-2: aliyesema zamani kwa manabii, mwisho wa siku hizi amesema katika Mwana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika hati yake ya 1965 juu ya ufunuo, ulifundisha kwamba hakuna ufunuo mpya wa hadhara wa kutazamiwa kabla Kristo hajarudi kwa utukufu. Kwa Wakatoliki, maono ya mtu binafsi, hata Kanisa likiyakubali, hayaongezi kitu juu ya imani.

Wapentekoste wengi hujibu kwa Yoeli 2:28, wana na binti watatabiri, maneno aliyoyanukuu Petro siku ya Pentekoste. Na wana hoja ya kweli. Mtu aweza kukariri vitabu vyote 66 na asielewe lolote. Wanafunzi waliyajua Maandiko tangu utotoni, lakini Luka 24:45 yasema ilibidi Yesu awafunulie akili zao ndipo wayaelewe.

Mimi naona hatari haianzii kwa anayeamini maono. Inaanzia pale mtu anaposema "nimefunuliwa" na hakuna aliye na ruhusa ya kumuuliza. Tazama Petro, Matendo 10. Yuko darini huko Yafa, ana njaa, anaona kitu kama nguo kubwa kinashuka, mara 3, naye haelewi maana yake. Anapokwenda kwa Kornelio, askari asiye Myahudi, anafuatana na ndugu 6, mashahidi. Akirudi Yerusalemu, waumini Wayahudi wanashindana naye waziwazi kwa kuingia kwa wasio Wayahudi, naye hafoki wala halaani mtu. Sura ya 11 yasema aliwaeleza kwa taratibu. Huyo ni mtume, na alihojiwa! Tena alichofunuliwa ndicho Paulo anachokiita siri katika Waefeso 3, na aya ya 6 anaitaja mbele ya kila msomaji: Mataifa, yaani wasio Wayahudi, ni warithi pamoja na Wayahudi. Siri ya Mungu ikishafunuliwa hutangazwa. Inayonong'onezwa kwa wachache waliohamishwa mbali na jamaa zao, hiyo ni ya kutiliwa shaka mapema.

Korintho walikuwa na manabii wengi, na Paulo hakuwafungia, aliwapa utaratibu. Wanene 2 au 3, wengine wapambanue (1 Wakorintho 14:29). Mwingine akifunuliwa, wa kwanza anyamaze. Aya ya 32 yaongeza kwamba roho za manabii huwatii manabii, kwa hiyo kisingizio cha "Roho kanishika, siwezi kunyamaza" hakina msingi. Mambo huharibika pale mmoja tu anaponena, naye huyohuyo ndiye apimaye.

Kupima kwenyewe si kugumu. Anayedai ufunuo aueleze kwa sentensi moja. Isomwe sura nzima, si aya iliyochomolewa, na mwenye swali aachwe amalize, hata akiwa kijana. Upande wa mashtaka katika kesi ya Shakahola unadai waumini waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Fungua Mathayo 4: Yesu alifunga siku 40, akaona njaa, na mwisho malaika wakaja kumtumikia. Fungua Isaya 58:7: mfungo alioutaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Dakika kumi za kusoma kwa sauti zatosha kulikataa fundisho la namna hiyo.

Wapo wanaohofu kwamba kuuliza kutamzimisha Roho. Paulo ameyaweka yote mahali pamoja, 1 Wathesalonike 5:19-21: msimzimishe Roho, msitweze unabii, jaribuni mambo yote. Anayeshika amri mbili za kwanza na kuikataa ya tatu hajamtii Paulo, na waumini wake wana haki ya kumwambia hivyo papo hapo, ibadani.