Jirani wa Gereji Akimwaga Oili, Anzeni na Mtaro

Kwenye yadi za Kizota, Dodoma, si ajabu kukuta gereji na mashine ya kukamua alizeti zimepanga ukuta kwa ukuta. Ugomvi wao unajulikana: oili nyeusi inachuruzika mpaka mlangoni ambapo wateja wanapakia madumu ya mafuta ya kula. Mwenye mashine anakwenda kwa mtendaji, afisa afya anakuja, faini inalipwa, na wiki mbili baadaye oili imerudi palepale. Lazima irudi, maana fundi alipigwa faini lakini hakupata pa kuiweka.

Pigeni hesabu kwanza. Gari dogo hutoa lita 4 hadi 5 kila oili inapobadilishwa. Gereji yenye magari matatu kwa siku inabaki na lita 12 hadi 15 jioni, kwa hiyo dumu la lita 20 linajaa siku ya pili tu. Pasipo na pipa, oili hiyo humwagwa chini kwa hoja kwamba inashika vumbi lisipeperuke. Kiangazi chote hoja hiyo inaonekana ya kweli. Mvua ya Desemba ikipiga, oili yote inaelea na kufuata mteremko hadi kwa jirani.

Kinachohitajika ni pipa la lita 200 lenye mfuniko, likae chini ya paa, juu ya sakafu ya zege yenye ukingo wa tofali pande zote. Kwa kasi hiyo litajaa baada ya wiki mbili na nusu hivi, basi mnunuzi awe amepatikana kabla, na awe na kibali, maana oili chafu ni taka hatarishi. Filta nazo zitobolewe zikiwa bado na joto, zipinduliwe juu ya karai, ziachwe saa 12. Filta inayotupwa moja kwa moja huenda na oili yake jalalani.

Mtaro ndio penye kazi. Upeni mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, na kabla haujatoka kwenye yadi jengeni chemba ya vyumba viwili kwa tofali za saruji, ipigwe plasta ndani. Chumba cha kwanza kinanasa mchanga. Cha pili kinatenganisha oili: kwenye bomba la kutolea maji la inchi 4 fungeni elbo (kiungo cha bomba kilichopinda) inayotazama chini, mdomo wake uzame vizuri ndani ya maji. Oili ni nyepesi, inabaki juu. Maji yanatoka kwa chini. Elbo ikisahaulika, mmejenga shimo tu, na oili itapita kama kawaida.

Hata chemba nzuri ina namna tatu za kushindwa. Mchanga wa Dodoma huijaza upesi msimu wa mvua, hivyo ichotwe kila wiki. Oili ya juu isipokombwa hukusanyika hadi kufikia mdomo wa elbo. Ya tatu wengi hawaijui: kuosha injini kwa sabuni ya unga. Sabuni huivunja oili iwe matone madogo mno, haielei tena, inatoka pamoja na maji. Injini zioshewe kwingine.

Kabla ya kumwendea fundi, mwenye mashine naye atazame upande wake, na hapa wengi hawatendi haki. Upepo wa kiangazi Dodoma huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Rundo la maganda ya alizeti likiwa upande huo, gereji inakula maganda mchana kutwa. Mashudu, yaani masalia ya alizeti iliyokamuliwa, ni hatari zaidi. Yakirundikwa na unyevu, mafuta yaliyobaki ndani huyafanya yajipashe joto yenyewe hadi kuwaka. Ongeza cheche za kuchomelea, zinazoweza kuruka mita 10 na zaidi, na yadi nzima inateketea. Yaanikwe yapoe, yawekwe kwenye magunia, yakae mbali na uchomeleaji.

Mazungumzo yafanyike asubuhi kabla wateja hawajafika, na kamwe si mbele ya vijana wa fundi. “Habari za kazi, fundi. Njoo tuangalie huu mtaro kabla mvua hazijaanza” inatosha kufungua mlango. Mwiteni mwenye yadi pia. Yeye ndiye anayekusanya kodi ya pango, na kwa maoni yangu gharama ya kujenga chemba ni yake. Wapangaji walipe uchotaji. Andikeni nani anasafisha kutoka nguzo ipi hadi ipi, siku gani, kisha wote watie saini.

Fundi akikataa hata baada ya hapo, nendeni kwa afisa afya wa kata mkiwa na picha zenye tarehe pamoja na karatasi hiyo. Oili ikiwa inatoka nje ya yadi kuelekea korongoni, pelekeni taarifa pia NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira. Chemba iwe imekauka na elbo imefungwa kabla Novemba haijaisha.