Nilibadilisha mkao wa snuka, kidevu ndio kikalipa

Jamani mi sio mchezaji mbaya wa snuka, ule mchezo wa kugonga mipira mezani kwa fimbo, tuelewane kwanza, mi ni wa kawaida tu, mpira rahisi unanikataa halafu mgumu unaingia kwa bahati najifanya nilikusudia. Sasa jamaa yangu tunayecheza naye siku zote akanirekodi kwa simu kimyakimya, akanionyesha. Loo! Miaka yote hii nilikuwa najua nainama kama Ronnie O'Sullivan, yule bingwa wa snuka, kumbe kwenye ile simu kuna mtu mzima anatafuta ndala uvunguni. Kiwiko kimetoka nje kama bawa la kuku, na kila nikigonga mpira kichwa kinapaa juu kwenda kuchungulia kama umeingia.

"Unaona?" jamaa akasema. "Mpira bado uko njiani, wewe ushasimama kushangilia."

Iliniuma. Nikaamua kubadilisha kila kitu kwa mpigo, na mtu asinicheke, Steve Davis mwenyewe, bingwa wa dunia mara 6 miaka ya 1980, alikuwa anakaa na kocha wake Frank Callan wanachokonoa namna anavyosukuma fimbo. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na kocha, mi nilikuwa na video za saa saba usiku.

Video zikasema mguu wa nyuma unyooke, wa mbele goti likunjwe kidogo, fimbo ipite chini ya kidevu na iguse, yani iguse kweli, mkono wa nyuma ubembee kuanzia kiwikoni kushuka chini tu, bega lisijitie kiherehere, ukivuta fimbo nyuma utulie kidogo kabla ya kuachia, na ukishaachia baki hapohapo chini, usiinuke hata nyumba ikiungua. Hilo la mwisho nikaliandika kabisa kwenye karatasi.

Basi nikaanza na zoezi la chupa, la zamani sana hili. Unalaza chupa tupu mezani, unaingiza fimbo mdomoni mwa chupa na kuitoa bila kugusa kingo. Siku mbili nikawa fundi, fimbo inaingia inatoka kama uzi kwenye sindano. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba muda wote nachezesha tu, sijawahi kuachia. Nikaachia. Chupa ilikuwa ya plastiki, namshukuru Mungu, iliruka ikakita kabati la vyombo, vikombe viwili vikashuka chini. Mama watoto akatoka chumbani mbio, akaangalia vikombe, akaniangalia mi nimeinama vilevile, kidevu juu ya fimbo, macho mbele.

"Baba watoto, nini hicho?"

"Mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya kutoinuka."

Akarudi kulala bila neno, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Fimbo yangu ni ile ya vipande viwili, inafungwa katikati kwa skrubu ya shaba. Baada ya ile ajali nikaifungua kukagua kama imepinda, haikupinda, nikaifunga harakaharaka maana kulikuwa na vikombe vya kuokota. Haikukaza yote. Ikabaki mwanya mdogo, unene wa ukucha hivi, wala sikuuona. Na kitu kingine, kwenye ile fimbo kiungo kinakaa palepale kidevu kinapokaa. Na kingine tena, nilikuwa sijanyoa wiki tatu.

Nikaingia klabu na mkao mpya. Kujipima nikaweka mpira mweupe, ule wa kupigia, kwenye doa la kahawia, alama ya kuwekea mpira wa rangi hiyo, unaupiga upite juu ya doa la bluu, pinki na nyeusi zilizo kwenye mstari mmoja, ugonge ukingo wa mbele urudi kwenye mstari uleule. Wangu ulirudi kupitia kila mahali isipokuwa hapo. Nikasema sawa, mwili bado unazoea. Ila kwenye mechi na mtu mwingine mambo yakakubali kiajabu, tukafika frimu, yani raundi, moja moja, na ya tatu ikabaki mipira miwili tu mezani, mweupe na mweusi. Naongoza kwa pointi 5, zamu yangu, na mweusi umesimama mdomoni mwa shimo kama unasubiri lifti. Kwa wasiojua, ukibaki mweusi peke yake, ukiuingiza frimu imeisha, na ukifanya faulo imeisha vilevile, mwenzio anachukua 7.

Nikainama. Mguu sawa, goti sawa, kidevu kwenye fimbo. Nikachezesha mbele nyuma, mara ya pili nikahisi kama kuna kitu kinaninyofoa kidevuni, nikasema moyoni hii ndiyo ile "iguse kweli". Nyuma yangu namsikia jamaa ananong'ona, "Ona kichwa kilivyokwenda chini leo!" Nikavuta nyuma, nikatulia, nikaachia.

Ndevu kadhaa zilikwenda na fimbo. Zilizobaki ziligoma, zikanivuta na mimi mzima mzima. Ile sauti niliyotoa siwezi kuiandika hapa. Ncha ikateleza chini ya mpira, mweupe ukaruka ukingo, ukadunda sakafuni na kuviringika taratibu mpaka kwenye kiatu cha mpinzani wangu.

"Faulo," akasema aliyekuwa anatuchezeshea, anajikaza asicheke. "Saba."

Nimefungwa kwa pointi 2 na mweusi haujaguswa. Halafu siwezi hata kumpa mkono aliyenifunga kwa sababu fimbo inaning'inia kidevuni, na kuifungua mwenyewe siwezi maana skrubu iko mahali nisipopaona. Ikabidi aliyenifunga ndio anifungue, anazungusha huku mabega yanamtikisika, kila akicheka ananivuta tena, mi namwambia "taratibu kaka" na yeye ndio anazidi.

Jamaa yangu bila shaka alirekodi. Ukiangalia kuanzia mwanzo unaona kabla sijapiga kichwa kinakwenda mbele na nyuma pamoja na fimbo kama mjusi juu ya ukuta. Ila lazima niseme ukweli, kiwiko kimenyooka safi kabisa.

Nikafika nyumbani na plasta kidevuni. Mama watoto akaniangalia kuanzia mlangoni.

"Chupa?"

"Skrubu."

Akazima taa.