Skrini kujifunga kila saa, nimechoka jamani

Jamani hii kitu inanikera kweli. Nina steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga, kompyuta zote ni Linux na zina XScreenSaver, ile programu ya kuzima na kufunga skrini kompyuta isipoguswa, aliyoitengeneza Jamie Zawinski tangu 1992, programu yenyewe nzuri tu sina ugomvi nayo, ugomvi wangu ni setingi. Dakika 10 bila kugusa mausi skrini inazima, hiyo ndo setingi inayokuja na programu yenyewe, halafu fundi aliyetufungia mashine akawasha na loki ya paswedi (yenyewe huwa imezimwa!) bila hata kuniuliza. Sasa mtu anasoma barua yake ya maombi ya kazi taratibu, anahakiki jina, anahakiki tarehe, mara giza, anaanza kuita "dada, paswedi!" na mimi niko kwenye laminesheni mikono imejaa.

Nikaingia kwenye faili la setingi za wote, nikaweka nusu saa na loki nikaizima, nikajua yameisha. Wapi! Kumbe kila yuza akishakuwa na faili lake la .xscreensaver kwenye folda yake, hilo ndo linasikilizwa, lile la wote halina kauli tena. Kwa hiyo nimeshinda Jumamosi nzima nafungua akaunti moja moja, nasahihisha kwa mkono. Fundi, ukimfungia mtu mashine muulize kwanza anafanyia kazi gani, dakika 2 tu zinatosha.