Andikeni saa damu ilipotolewa

Shangazi yangu amerudi na karatasi: sukari ya kufunga, yaani kabla ya kula, milimoli 6.2 kwa lita. Ameambiwa asiwe na wasiwasi, pamoja na uchovu na kiu anayoilalamikia. Nikamuuliza ilikuwaje. Damu alitolewa saa moja asubuhi, chupa ikakaa mezani ikisubiri pikipiki ya kuipeleka mjini, ikaondoka karibu saa sita mchana. Kwenye karatasi hakuna mahali palipoandikwa hayo.

Nafanya kazi maabara na hili linaniumiza. Damu ikitoka mwilini haijafa. Chembe zake zinaendelea kula sukari humo humo chupani, na katika joto la kawaida la chumba kiwango hushuka kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Mwenye chembe nyeupe nyingi hushuka haraka zaidi. Mpaka wa Shirika la Afya Duniani wa kusema mtu ana kisukari, akiwa amefunga, ni 7.0. Mwenye 7.4, chupa yake ikikaa saa tatu, atasomeka 6.2 hivi. Hiyo ya shangazi, kwa saa tano, huenda ilianza ikiwa 8. Anaambiwa yuko salama wakati macho na figo zake zinaweza kuwa zinaharibika!

Wenzangu watasema wanatumia chupa ya kifuniko cha kijivu, yenye floraidi. Sawa, ni bora kuliko nyekundu. Lakini floraidi hukizuia kimeng'enya cha hatua za mwisho katika uvunjaji wa sukari. Vimeng'enya vya hatua za mwanzo vinaendelea na kazi, na kwa saa ya kwanza au hata mbili sukari hupungua karibu kama kawaida. Chupa hiyo nayo inatakiwa iwekwe kwenye maji ya barafu mpaka plazima, yaani majimaji ya damu, itenganishwe na chembe.

Najua zahanati nyingi hazina mashine ya kuzungusha damu ili kuitenganisha, na umeme ukikatika hata iliyopo haisaidii. Nalikubali hilo shingo upande. Basi heri wapime kwa glukomita, kile kifaa kidogo cha tone la damu ya kidole, hapo hapo, mgonjwa akiwa amekaa mbele yao, ingawa kiwango cha 2013 cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, kinairuhusu kupishana na maabara kwa asilimia 15. Anawe mikono kwanza kwa sabuni. Aliyetoka kumenya embe atapimwa sukari ya embe.

Wengine wanataka tuhamie HbA1c, kipimo kinachoangalia sukari iliyoshikana na chembe nyekundu kwa miezi miwili mitatu. Kanda ya Ziwa, ambako selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu, ni nyingi, kipimo hicho nacho kinaweza kupotosha.

Ninachodai ni kidogo: fomu iwe na nafasi mbili, saa ya kutoa damu na saa ya kutenganisha plazima. Chupa iliyokaa saa nzima bila barafu isipokelewe kwa kipimo cha sukari, na mgonjwa apigiwe simu siku hiyo hiyo arudi kutolewa nyingine, bila kulipishwa tena.