Saratani ya matiti: je, kupima ubora wa maisha ni anasa?

Katika nchi kama Tanzania, ambako wanawake wengi wenye saratani ya matiti hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshaingia hatua ya tatu au ya nne, kuzungumzia ubora wa maisha yao huonekana kama kuchagua mapazia ya nyumba ambayo bado haijaezekwa. Wenye msimamo huo wana hoja nzito. Madaktari bingwa wa saratani ni wachache, foleni ya mionzi ni ndefu, na muda ambao muuguzi anautumia kujaza dodoso la kupima ubora huo ni muda aliomnyima mgonjwa anayesubiri dripu. Tuokoe uhai kwanza, wanasema, mengine yatafuata.

Hoja hiyo ingesimama iwapo uhai na ubora wake vingekuwa mafungu mawili ya bajeti. Lakini ukichunguza kwa nini wanawake huchelewa kwenda hospitali au hukatisha tiba, utakuta sababu nyingi ni za ubora wa maisha wenyewe: hofu ya kukatwa titi, hofu ya kuachwa na mume, nauli, mahali pa kulala mjini, watoto waliobaki bila mwangalizi. Anayeukwepa upasuaji na kwenda kwa mganga wa kienyeji si lazima awe amekosa elimu. Huenda ameyapima maisha yatakayomsubiri baada ya kisu, akaona hayaishiki. Mpango wa Shirika la Afya Duniani kuhusu saratani ya matiti, ulioanzishwa 2021, unataka angalau asilimia 80 ya wagonjwa wakamilishe tiba, na lengo hilo halifikiwi kwa dawa peke yake.

Upasuaji unaonyesha vizuri jinsi suala hili lisivyo jepesi. Majaribio yaliyoongozwa na madaktari wa upasuaji Bernard Fisher huko Marekani na Umberto Veronesi nchini Italia, ambayo matokeo yake ya miaka 20 yalichapishwa 2002, yalithibitisha kwamba kwa uvimbe uliowahiwa, kuutoa wenyewe na kulipiga titi mionzi huokoa maisha sawasawa na kuliondoa titi lote. Msomaji mwenye haraka atasema basi ubora wa maisha unadai titi lihifadhiwe. Sidhani. Mionzi hiyo kwa desturi ilichukua takriban wiki tano, na kwa miaka mingi ilipatikana katika Taasisi ya Saratani Ocean Road peke yake, Dar es Salaam, kabla ya Hospitali ya Bugando ya Mwanza kuanza kuitoa. Mkazi wa Kinondoni angepanda daladala asubuhi na kurudi kwake mchana, ilhali mkulima wa Kigoma angelilipia titi lake kwa zaidi ya mwezi mmoja ugenini. Huyu wa pili akiamua liondolewe lote, hajachagua vibaya.

Tangu hapo ratiba zimefupishwa hadi dozi 15 za wiki tatu, na mwaka 2020 jaribio la FAST-Forward la Uingereza lilionyesha kwamba kwa saratani ya hatua za mwanzo dozi tano ndani ya wiki moja zinaweza kutosha. Mgonjwa anarudi nyumbani mapema, na mashine inahudumia watu wengi zaidi. Wanaolalamikia gharama walipaswa kuanzia hapa.

Hata hivyo, wapimaji nao wana kasoro zao. Dodoso linalotumika sana duniani, QLQ-C30, lina maswali 30, na kati ya hayo ni moja tu linalogusa ugumu wa fedha. Maswali ya tendo la ndoa yaliyomo katika nyongeza yake ya saratani ya matiti mara nyingi huachwa wazi. Isitoshe, mwanamke aliyelelewa kujibu “namshukuru Mungu” hata akiwa taabani hawezi kutarajiwa kumwambia muuguzi asiyemfahamu kwamba hali ni mbaya. Watu pia huzoea maumivu, alama zao za dodoso zikapanda ilhali mkono ungali umevimba tangu tezi za kwapani zilipotolewa. Alama 70 kati ya 100 haimwonyeshi daktari kwamba mama huyu hawezi tena kufua wala kujitwisha ndoo ya maji.

Hoja ya “uhai kwanza” huishiwa nguvu kabisa kwa mwenye hatua ya nne, ambaye kupona hakutarajiwi. Kwake tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso, ndiyo tiba, na mofini ya maji ya kutuliza maumivu si dawa ghali. Kwa wengine wote naunga mkono upimaji, mradi uwe mfupi na aulizaye awe na uwezo wa kutenda jambo: kumpeleka mgonjwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kumtafutia titi bandia, kubadilisha dawa, kuzungumza na mume iwapo mwenyewe ameridhia. Maswali matano ndani ya faili, yakirudiwa kila kliniki, yanatosha kwa kazi hiyo. Yale 30 wabaki nayo watafiti.